Shajara ya mradi: 201, 304 au 316L? Reli za roshani inayotazama bahari, Kigamboni

Shajara hii ni ya mafundi na wenye nyumba wa pwani wanaosimama dukani mbele ya mabomba matatu ya stenlesi yanayong'aa sawasawa, bei zikipishana mara mbili na zaidi. Kila hatua inaandikwa ikishakamilika, pamoja na makosa yake. Bei ni zile tulizolipa, kwa shilingi za Tanzania. Bei zitabadilika, lakini hesabu za kilo na za vipimo zitabaki vilevile.

12 Januari: Vipimo, na gredi zilizo mezani

Kazi ni nyumba ya wageni ya ghorofa moja, mita 120 kutoka pale maji yanapofika yakijaa. Nje kuna roshani ya mita 14 na ngazi ya mita 6. Ndani kuna ngazi ya mita 8.

Mchoro wa nje: nguzo 18 za bomba la mm 50.8 lenye unene wa mm 1.5, na mshikio wa juu wa bomba hilohilo. Chini linapita bomba la mm 25.4 kwa 1.5. Kati yake vinasimama vijiti 160 vya mm 15.9 kwa 1.2, katikati hadi katikati mm 115, ili nafasi isifike mm 100 na kichwa cha mtoto kisipite. Vijiti ni vya wima kwa makusudi. Mtoto hapati pa kukanyaga akapanda, na maji yanateremka hadi chini. Kijiti kilicholala hubeba tone tumboni, tone likikauka chumvi inabaki palepale, kesho linaongezwa jingine.

Uzito unahesabiwa hivi: kipenyo toa unene, zidisha kwa unene, zidisha kwa 0.0249. Jibu ni kilo kwa mita. Bomba la 50.8 kwa 1.5 lenye urefu wa mita 6 linatoa kilo 11.05, la 25.4 kilo 5.4, la 15.9 kilo 2.6. Kwa nje zinahitajika bomba 7, 4 na 23, jumla yake kilo 159 hivi, bila kuhesabu sahani za msingi.

Sasa gredi, yaani aina za stenlesi zinazotajwa kwa namba. 304 ina kromi kama asilimia 18 na nikeli 8 hivi. 316 ina kromi 16 hadi 18, nikeli 10 au zaidi, na molibdeni asilimia 2 hadi 3. Molibdeni hiyo ndiyo inayolipiwa, kwa sababu huuimarisha utando mwembamba wa oksidi ya kromi usitobolewe na kloridi ya chumvi. 201 imepunguziwa nikeli ikawekewa manganizi, kati ya asilimia 5.5 na 7.5, na kromi yake iko 16 hadi 18. Sokoni kuna mabomba yanayoitwa 201 ambayo nikeli yake ni asilimia 1 tu na kromi haifiki 16.

Ipo hesabu inayotumika sana kulinganisha gredi: kromi, jumlisha molibdeni mara 3.3, jumlisha naitrojeni mara 16. 304 hupata kama 19, na 316L hupata 24 hivi. Lakini tahadhari: ukiiingiza 201 yenye naitrojeni 0.2 unapata 19 pia, ionekane ndugu wa 304. Hesabu hiyo haioni manganizi. Manganizi ikikutana na salfa ndani ya chuma hufanya chembe ndogo, na kando ya chembe hizo ndipo vishimo vya kutu huanzia. Kwa hiyo hesabu hii itumike kulinganisha 304 na 316, isitumike kuitetea 201.

Kuhusu herufi L: maana yake kaboni haizidi asilimia 0.03. Inalinda pembeni ya mchomeleo, ambako kaboni huinasa kromi chuma kikikaa kwenye joto la kati ya nyuzi 450 na 850. Bomba la mm 1.5 hupoa haraka mno kwa jambo hilo kutokea, kwa hiyo kwa mabomba peke yake L si ya kuongezewa fedha. Kwa sahani za msingi za mm 8 tuliitaka.

Bei kwa kilo: 201 ni 8,500, 304 ni 13,000, 316L ni 20,000. Kwa kilo 159, kutoka 304 kwenda 316L ni nyongeza ya 1,113,000. Uamuzi wa leo: ndani ni 304, na nje tusubiri vipande vya majaribio.

20 Januari: Vipande vinaanikwa

Vipande 12 vya sentimita 15, vya gredi zote tatu. Kila gredi ina viwili vilivyosuguliwa kwa msasa namba 120 na viwili vilivyofikishwa namba 400 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi). Nusu vimetundikwa juani mahali pa wazi, nusu chini ya upenu wa roshani ambako mvua haifiki. Vimefungwa kwa kamba ya nailoni. Waya wa kawaida wa chuma ungeshuka na kutu yake juu ya kipande, tukaishia kupima kutu ya waya.

8 Februari: Mzigo wa kwanza wa 304 warudishwa

Bomba 4 za 50.8 kwa 1.5 za ngazi ya ndani zilikuja zikiwa na karatasi ya nailoni iliyochapishwa 304. Sumaku haikushika, na muuzaji akasema huo ndio ushahidi. Si ushahidi. 201 nayo haishikwi na sumaku. Kinyume chake, 304 halali iliyopindwa ikiwa baridi, kama elbo au bolti, huweza kuvuta sumaku kidogo kwa sababu kupindwa hubadilisha mpangilio wa chuma chenyewe. Sumaku inatenga 430 na jamaa zake tu, yaani zile stenlesi zinazoshikwa na sumaku. Basi.

Tuliyofanya ni mambo mawili.

La kwanza, mizani. Bomba moja lilipima kilo 8.9. Kwa hesabu ya hapo juu, hiyo ni unene wa mm 1.2, si 1.5. Kupima mdomo wa bomba kwa kaliper kulikuwa kumetudanganya, maana msumeno huacha ukingo uliovimba. Mizani inapima bomba zima.

La pili, dawa ya kupimia manganizi, ile ya kichupa inayotumika na betri ya volti 9. Paondolewe nailoni, pasuguliwe kwa msasa namba 240 hadi chuma kipya kitokee, pafutwe kwa spiriti. Tone moja linawekwa, nguzo moja ya betri inagusa bomba, nyingine inagusa tone bila kugusa chuma. Hesabu taratibu hadi tano. Juu ya kipande chetu cha 304 cha kulinganishia, tone lilibaki karibu bila rangi. Juu ya bomba la dukani lilianza kuwa la waridi pembeni, kisha likawa jekundu kama maji ya rosela. Bomba zote nne zilifanya hivyo, yaani zina manganizi nyingi kama 201.

Kipande cha kulinganishia ni cha lazima. Vichupa vinatofautiana, vingine vimekaa juani dukani, na jicho la mtu mmoja huita nyekundu kile ambacho mwingine hukiita kahawia. Tone juu ya chuma usichokijua lisomwe kando ya tone juu ya chuma unachokijua.

Gharama: gari kwenda na kurudi mara mbili, 120,000, na siku mbili za kazi. Bomba moja lilikuwa limeshakatwa, halikurudishika: 95,000. Tangu leo hakuna bomba linalokatwa kabla ya kupimwa, na tone linawekwa pale pale dukani mbele ya muuzaji, kabla ya kulipa.

18 Machi: Vipande vyateremshwa

Siku 58 za kaskazi, mvua ndogo mara mbili tu.

201 ya namba 120 ilianza vidoa vya rangi ya chai ndani ya wiki mbili, juani na upenuni. Leo chini ya kidole inakwaruza, na vishimo vinaonekana kwa macho. 201 iliyosuguliwa vizuri ilichelewa kidogo, nayo ikafika hapohapo.

304 ya namba 400 iliyokuwa wazi ina ukungu mwepesi wa chai unaotoka kwa sabuni. Ile ya upenuni imechafuka zaidi, na mistari yake haitoki kwa sabuni. Wengi hudhani chuma kilichofichwa mvua kimehifadhiwa. Kwa stenlesi ya pwani ni kinyume: mvua ndiyo inayoosha chumvi, na mahali pasipoona mvua chumvi hurundikana. Ukitaka kujua gredi ya kununua, tazama sehemu za nyumba ambazo mvua haizifikii.

Na hili ndilo lililogeuza mpango: 316L ya namba 120 iliyokaa upenuni ilikuwa na vidoa vingi kuliko 304 ya namba 400 iliyokaa wazi. Namba 120 huacha mifereji, chumvi inalala humo, unyevu wa usiku unaiamsha. 316L ya namba 400 ilikuwa safi kote kuwili.

Hivyo kununua 316L na kuimalizia ovyo ni kutupa ile milioni. Uamuzi: nje yote ni 316L, umalizio usiishie chini ya namba 320, na mikwaruzo ya mwisho ielekee chini kwenye nguzo na vijiti ili maji yateremke nayo. Sababu ya kutobaki na 304 kwa nje ni upenu: zaidi ya nusu ya roshani iko chini yake. Nyumba hii ingekuwa na roshani wazi, na mtu wa kuiosha kila wiki, 304 iliyosuguliwa vizuri ingestahili kufikiriwa. Na ingekuwa kilomita kadhaa bara, 316L ingekuwa anasa.

Stenlesi ya 2205, yenye alama karibu 35 kwa ile hesabu ya kulinganisha gredi, tuliiangalia pia. Bomba za mapambo za saizi hizi hatukuzipata, na kwa reli inayofikiwa na kitambaa haihitajiki.

2 Aprili: 316L yafika, mtego uko kwenye vifaa vidogo

Bomba zote 34 zimepimwa kwa mizani na kwa dawa ya kupimia molibdeni. Zote halali. Kosa la kwanza lilikuwa la kwetu: bomba tatu zilikataa kubadilisha rangi ya tone, karibu tuzirudishe. Zilikuwa na mafuta ya kiwandani. Baada ya msasa na spiriti, tone lilibadilika kama lilivyobadilika kwenye kipande cha kulinganishia.

Vifaa vidogo ndivyo vilivyotushtua. Elbo 4 zilizouzwa kama 316 zilikuwa 304. Makava 18 ya kufunika flanji za chini (zile sahani za msingi) yalikuwa 201 yote, tone jekundu moja baada ya jingine. Kava la flanji ni bati jembamba linalokaa sakafuni, maji ya deki yanasimama ndani yake, na ndilo linalotengenezwa kwa gredi ya bei ndogo kuliko zote. Reli nyingi za pwani zinazosemwa kuwa zimeoza zimeanza kuchafuka hapo. Makava ya 316 yalipatikana kwa kuagiza: 17,000 badala ya 5,000 kila moja, nyongeza 216,000, na wiki moja na nusu ya kusubiri.

Nati na bolti hazihitaji dawa. Soma kichwa: A2 ni jamaa ya 304, A4 ni jamaa ya 316. Boksi moja lililoandikwa A4 nje lilikuwa na A2-70 ndani. Limerudi.

14 Aprili hadi 5 Mei: Kuchomelea

Mashine ni TIG (kuchomelea kwa umeme chini ya kinga ya gesi ya agoni), amperi 45 hadi 60 kwa unene wa mm 1.5, agoni lita 8 kwa dakika. Waya wa kujazia ni ER316L wa mm 1.6 kwa kazi ya nje na ER308L kwa ngazi ya ndani. Ukitumia 308L kwenye 316L umeweka mshono usio na molibdeni katikati ya bomba lenye molibdeni, na kutu itaufuata mshono huo.

Sehemu iliyotusumbua ni ndani ya bomba. Viungo vya mwanzo sita vya mshikio vilichomelewa bila agoni kwa ndani. Nje vilipendeza. Tulipokata kimoja kukagua, ndani kulikuwa na ukoko mweusi wenye chembechembe kama sukari guru iliyoungua. Chuma hicho kimeshapoteza kromi yake hewani na kina nyufa ndogo, unyevu ukiingia kitaoza kutokea ndani. Vyote sita vimekatwa na kurudiwa: saa 7 za kazi na mita 1.1 ya bomba.

Kujaza agoni bomba zima ni ghali. Mita moja ya bomba hili ina ujazo wa lita 1.8, na hewa haitoki yote mpaka upitishe gesi mara tano au sita ya ujazo. Kwa bomba la mita 3 hiyo ni kama lita 30. Tulipunguza kwa vizibo vya karatasi laini ya chooni, kimoja kila upande, sentimita 30 kutoka kwenye kiungo, na bomba dogo la gesi likipita katika kizibo kimoja. Ujazo unashuka hadi lita 1.1, kwa lita 5 kwa dakika unasubiri dakika moja na nusu tu. Karatasi hiyo hulainika kwa maji na kutoka ikisukumwa. Kiungo kibaki na gamu-tepu hadi wakati wa kuchomelea, na tundu dogo la kutokea hewa liachwe upande wa pili, la sivyo gesi inasukuma chuma kilichoyeyuka kinatoboka.

Kila nguzo imetobolewa tundu la mm 5 chini kabisa, juu kidogo ya sahani, likitazama upande usio wa njia. Maji yataingia tu, hata ukichomelea kwa uangalifu namna gani. Yapewe pa kutokea.

Rangi za moto kando ya mshono: manjano ya majani makavu tuliiacha itolewe na msasa wa kawaida. Buluu na kijivu ni dalili kwamba chini yake kuna tabaka lililopungukiwa kromi, na hilo liondolewe lote. Njia ya haraka ni paste ya asidi ya nitriki na hidrofloriki. Hatukuitumia, kwa sababu hidrofloriki hupenya ngozi na kula mfupa bila maumivu ya mwanzo, na asiye na jeli ya kalsiamu glukoneti karibu asiifungue kabisa. Tulisugua: diski ya vipande namba 80 kwenye mshono peke yake, kisha 120, 180, 240, 320, 400, kila namba ikifuta mikwaruzo yote ya iliyotangulia. Ukiruka namba moja, mikwaruzo ya chini inatokea tena baada ya kung'arisha. Mshikio wa juu ulimaliziwa kwa gurudumu la katani na sabuni ya kung'arishia. Katani hukata vizuri kuliko pamba kwenye stenlesi, na inatia moyo kuona zao la Tanga likifanya kazi hii.

11 Mei: Vitone vya kutu siku tatu baada ya kusugua

Paneli mbili za ngazi ya nje zilipata vitone vya kahawia kama mtu amezipulizia pilipili ya unga. Bomba zilishapimwa, gredi haina shaka. Chanzo kilikuwa brashi ya waya iliyotumika asubuhi kwenye geti la chuma cha kawaida, pamoja na cheche za grenda za geti hilohilo, mita 4 upande wa upepo.

Kuthibitisha: gramu 4 za kopa salfeti katika mililita 250 za maji yaliyotoneshwa, pamoja na mililita 1 ya asidi ya salfuriki. Lowesha mahali pa shaka kwa dakika 6. Penye chembe za chuma cha kawaida panapata rangi ya shaba. Palipata, mstari kwa mstari, kufuata mkono wa brashi. Dawa hii isitumike kwenye vyombo vya chakula.

Tiba: kilo 1 ya asidi ya sitriki katika lita 9 za maji. Vitambaa vya pamba vililoweshwa, vikazungushiwa bomba, juu yake nailoni visikauke, kwa saa 2. Dakika 20 ndizo za chini kwa joto letu, saa 2 ni kwa kuwa na hakika. Kisha maji mengi. Kopa salfeti iliporudiwa, shaba haikutokea. Sitriki huondoa chembe za chuma na kuusaidia utando ujijenge upya, lakini haiondoi ile rangi ya buluu ya moto. Hiyo ni kazi ya msasa.

Gharama ni 38,000 ya sitriki na siku moja. Tangu hapo brashi, diski na msasa wa stenlesi vina ndoo yao yenye kifuniko, na geti limehamishiwa upande wa pili wa karakana.

Mwenye nyumba aliuliza kama vipande vilivyobaki vya 304 vinaweza kuning'iniza dari ya mbao juu ya bwawa dogo la ndani. Jibu ni hapana, na hata 316 hapana. Mvuke wa bwawa lenye klorini hupasua stenlesi hizi zikiwa zimebeba mzigo, bila kuonesha kutu kubwa kwanza. Mwaka 1985 huko Uster, Uswisi, dari ya zege juu ya bwawa la ndani ilianguka kwa sababu hiyohiyo na watu 12 wakafa. Reli ya kushika ni jambo moja, kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu ni jingine.

28 Mei hadi 7 Juni: Kufunga, na asidi ya tailizi

Kila nguzo ina fito 3 za M10 za A4 zilizogandishwa kwa gundi ya zege. Tundu ni mm 12, kina mm 90, linapulizwa na kusuguliwa brashi mara tatu kabla ya gundi. Nati tatu ziling'ang'ania kwa sababu zilikazwa kwa mashine: nyuzi za stenlesi zikisuguana kwa kasi na joto huungana zenyewe, hazirudi mbele wala nyuma. Fito zilikatwa, mashimo mapya yakatobolewa. Dawa ni paste ya kuzuia kung'ang'ania na spana ya mkono, taratibu.

Kosa kubwa la mradi lilitokea tarehe 4 Juni. Reli ilikuwa imesimama tayari, ndipo sakafu ikaoshwa mabaki ya saruji kwa asidi ya tailizi, ambayo ni asidi ya hidrokloriki. Ilimwagwa, ikasuguliwa, ikaoshwa kwa ndoo moja. Asubuhi nguzo 7 zilikuwa za manjano hadi sentimita 20 kutoka chini, na juu ya hapo mvuke ulikuwa umefifisha mng'aro. Chini ya makava mawili asidi ilikuwa ingali mbichi, na bati lake lilikuwa na matundu madogo unayoweza kuyahisi kwa ukucha. Hii ni 316L iliyopimwa, iliyosuguliwa, iliyofungwa vizuri, imeharibika kwa usiku mmoja. Hakuna gredi ya dukani inayostahimili asidi hiyo.

Matengenezo: makava yote yalinyanyuliwa, maji ya mpira nusu saa, magadi ya kuokea yaliyokorogwa majini hadi mapovu yakaisha, maji tena. Kisha msasa kutoka 180 hadi 400 kwa nguzo zote saba, na sitriki saa 2. Makava mawili yalitupwa. Siku mbili za mafundi wawili, 160,000, na makava 34,000.

Kwa anayenakili kazi hii: tailizi zioshwe na zikauke kabla reli haijaingia. Kama haiwezekani, funga miguu ya nguzo kwa nailoni na gamu-tepu, na usimamie mwenyewe maji ya kuoshea. Dawa za klorini za kung'arishia vyoo na sakafu ziko katika kundi hilohilo.

19 Agosti: Ukaguzi katikati ya kusi

Miezi miwili na nusu. Mahali pa wazi ni safi. Chini ya upenu ni safi pia, isipokuwa upande wa chini wa bomba la 25.4, kwenye mita 5 za mwisho: vidoa vya chai vilivyopangana kwa nafasi sawa, kila kimoja kikubwa kama punje ya mtama. Ni alama za matone yaliyoning'inia yakakauka.

Reli ilikuwa ikioshwa kila wiki kama tulivyoagiza, lakini kwa maji ya kisima cha uani. Tone la maji hayo lililoachwa likauke juu ya kioo liliacha duara jeupe nene. Tone la maji ya mvua liliacha karibu hakuna kitu. Kisima kiko karibu na bahari, maji yake yana chumvi ya kutosha kulisha vidoa hivyo. Kuosha kulikuwa kunaongeza kile kinachooshwa.

Vidoa vilitoka kwa sitriki na kitambaa, bila msasa. Sasa maji ni ya tangi la mvua: sabuni ya vyombo kidogo, sponji laini, kuosha, kisha kufuta kwa kitambaa kikavu, hasa upande wa chini wa mabomba. Kila wiki mbili wakati wa kusi na kaskazi, na mara moja kwa mwezi masika.

15 Novemba: Ukaguzi wa pili, na gharama

Hakuna kidoa kipya kwenye mabomba. Kuna kimoja kwenye mshono wa elbo ya ngazi, upana wa mm 4. Tulipotazama kwa lenzi palikuwa na mikwaruzo ya namba 120 iliyosahaulika ndani ya pembe, ambako diski haikufika. Imesuguliwa kwa kidole na msasa 240, 320, 400 na kupakwa sitriki.

Mabomba ya nje yamegharimu 3,180,000. Makosa na marekebisho kwa fedha taslimu: gari 120,000, bomba lililokatwa 95,000, sitriki 38,000, asidi ya tailizi 194,000, jumla 447,000. Viungo sita vilivyorudiwa na mtungi wa pili wa agoni haviko humo, wala ile 216,000 ya makava, ambayo ingelipwa tu hata tungejua tangu mwanzo. Vichupa viwili vya dawa ya kupimia viligharimu 60,000, na kimoja kingali na nusu.

Kipande kimoja cha 304 na kimoja cha 316L, vyote namba 400, vimerudishwa chini ya upenu kwa kamba ya nailoni. Havitaoshwa. Vitateremshwa kaskazi ikiisha, mwezi Machi.